Mkono Usiotajwa: Mhariri katika Historia ya Taaluma ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wembe ni wake, mkono ni wake na ujuzi ni wake, lakini kisogo chake hakioni. Ndivyo alivyo mtafiti mbele ya mswada wake. Akiisha kuuandika na kuurudia mara kumi, macho yake husoma alichokusudia kusema, si kile kilichoandikwa. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa pili, ambaye leo tunamwita mhariri.

Katika mhadhara huu tumekusudia kuichunguza nafasi ya mtu huyo katika historia ya taaluma ya Kiswahili. Tutamwangalia hasa yule ambaye si mwajiriwa wa shirika la uchapishaji wala wa chuo, bali hufanya kazi kwa makubaliano na kwa ujira wa kazi iliyo mbele yake, yaani mhariri wa kujitegemea. Wengi hudhani kwamba huyu ni mtu mpya, aliyeletwa na wingi wa vyuo vikuu na tarakilishi. Hoja yetu ni kwamba yeye ni mkongwe kuliko idara zetu zote za Kiswahili. Kwamba kazi yake kubwa tangu hapo ni kuuliza maswali ambayo mwandishi peke yake hawezi kujiuliza. Na kwamba taaluma yetu imekuwa nzito kulitaja jina lake.

Neno lenyewe linafaa kutazamwa. Kitenzi hariri tumekipata kutoka Kiarabu, na huko shina lake ndilo lililotupa pia neno huru. Kwa Waarabu neno moja, tahrir, hubeba maana ya kuhariri maandishi na maana ya kumkomboa mtu. Hatudai kwamba asili ya neno ndiyo hukumu ya maana yake. Hata hivyo, katika mifano ifuatayo tutaona uhariri uliofungua maandishi, na uhariri mwingine ulioyafunga.

2.0 Mombasa na Lamu: Wasomaji wa Hati

Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi yapata mwaka 1840, hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu na katika karatasi za hati ya Kiarabu. Aliyefanya bidii kuyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwenyeji wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor.

Ili tuielewe kazi ya Mwalimu Sikujua, yatupasa kukumbuka hali ya hati yenyewe. Hati ya Kiarabu, kama ilivyotumiwa zamani na waandishi wengi wa Kiswahili, haikupambanua i na e, wala u na o. Herufi ya b iliweza kubeba pia p na mb. Kwa hiyo maneno bibi, pipi, pepe na pembe yangeweza kuandikwa kwa sura moja. Mgeni aliyejifunza herufi bila kuizoea lugha angebaki na maneno manne mkononi, asijue ashike lipi. Aliyejua ni yule aliyelisikia shairi likisomwa, akaufahamu mpangilio wa vina vyake na mji ulioyazaa maneno yake.

Zaidi ya herufi kulikuwa na tukio. Mengi ya mashairi ya Muyaka yalizaliwa katika mvutano baina ya Wamazrui wa Mombasa na Sayyid Said, mvutano uliokoma mwaka 1837 Mombasa ilipoingia mikononi mwa Sayyid. Mshairi alisema kwa mafumbo, na waliomsikiliza hawakuhitaji kufumbuliwa. Baada ya vizazi viwili, fumbo lisilo na mfumbuzi lingekuwa maneno matupu. Swali la nani anaambiwa nini, na kwa sababu gani, lilikuwa swali la mhariri, na jibu lake lilikuwa Mombasa, halikuwa katika kamusi.

Karatasi za Taylor ziliishia katika maktaba ya chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika mjini London. Mwaka 1940 William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy huko Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mpana juu ya mshairi huyo. Kutoka kufariki kwa Mwalimu Sikujua hadi diwani ile ni miaka 50. Kila anayemnukuu Muyaka leo anapita juu ya daraja ambalo Mwalimu huyo alikuwa miongoni mwa waliolijenga, lakini ni wanafunzi wachache wanaoweza kumtaja.

Lamu nako aliishi Muhamadi Kijuma, ambaye wengine humwandika Kijumwa. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchongaji na mwandishi mwenye khati nzuri, na alifariki mwaka 1945. Alice Werner na Hichens wa Uingereza, pamoja na Ernst Dammann wa Ujerumani, walipata kwake nakala za tendi kwa malipo. Kijuma hakuwa mnakili tu. Aliwaeleza wateja wake maana za maneno ya Kiamu ambayo wao hawakuyajua. Tuchukue mfano mdogo. Kiamu husema ndoo pale Kiunguja kisemapo njoo, na mato pale Kiunguja kisemapo macho. Msomaji aliyelelewa katika Kiunguja, akikuta mtu anamwita mpenzi wake kwa neno ndoo, huenda akadhani kinaagizwa chombo cha kutekea maji. Neno limeandikwa sawasawa, tahajia haina kosa, na maana imepotea.

Kijuma, basi, alikuwa mtaalamu aliyeuza ujuzi wake kwa kazi moja moja, kwa wateja tofauti, bila cheo katika chuo chochote. Hiyo ndiyo maana ya kujitegemea. Mwaka 2010, miaka 65 baada ya kufa kwake, Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu ambacho jina la Kijuma ndilo linaloongoza anwani yake. Deni limeanza kulipwa, ingawa aliyedai hayupo.

3.0 Berlin: Mhariri Aliyemfunika Mwandishi

Mifano hiyo miwili inamhusu msaidizi aliyefunikwa. Mfano wa tatu umegeuka: hapa aliyefunikwa ni mwandishi, na aliyemfunika ni mhariri.

Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Alikuwa msomi wa dini na mjuzi wa mambo ya Mrima. Maandishi yake juu ya uzazi, malezi, jando, ndoa, biashara, utumwa, maradhi na mazishi ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903. Jina lililokitangaza kitabu hicho lilikuwa la Carl Velten, aliyekusanya na kuhariri. Kwa muda mrefu wataalamu walizoea kusema "Velten asema", hata pale ambapo msemaji alikuwa mtu wa Bagamoyo akieleza mambo ya kwao.

Mwaka 1981 ilitoka tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen. Katika tafsiri hiyo jina la Mtoro liliwekwa kwenye anwani, pamoja na maelezo kwamba walikuwapo Waswahili wengine waliochangia. Miaka 78 ilikuwa imepita, na Mtoro alikuwa amefariki Berlin mwaka 1927.

Hatusemi kwamba Velten hakufanya kazi. Kupanga sura, kulinganisha maandishi na kuyapeleka mitamboni ni kazi halali. Tunachosema ni kwamba mhariri anapochukua nafasi ya mwandishi, msomaji hupotezwa. Hajui tena kama anasikia shahidi au anamsikia mkusanya ushahidi. Katika taaluma hilo si suala la adabu peke yake, ni suala la ukweli wa chanzo.

4.0 Kamati: Uhariri wa Muhuri

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Pamoja na kutengeneza kamusi, ambazo zilitoka mwaka 1939, Kamati ilipokea miswada ya vitabu vya shule, ikaisoma, ikairekebisha na kutoa idhini. Hapa uhariri uliacha kuwa mapatano ya watu wawili, ukawa muhuri.

Faida yake haikanushiki. Mtoto wa Songea na mtoto wa Kisumu waliweza kusoma kitabu kimoja kwa tahajia moja. Lakini wajumbe wa mwanzo wa Kamati walikuwa Wazungu, na mwenyeji wa lugha alikuta lugha yake inaamuliwa katika kikao asichoalikwa. Kimvita na Kiamu, lahaja zilizobeba hazina kubwa ya ushairi, zikaanza kutazamwa kama makosa ya kusahihishwa. Muhuri hauulizi; hukubali au hukataa.

Jibu zuri kwa hali hiyo lilitoka kwa mhariri mwingine. Shihabuddin Chiraghdin alipohariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir iliyotoka mwaka 1971, hakukivua Kimvita chake ili kikubalike shuleni. Alikiacha kama kilivyo, akaandika utangulizi wa kumsaidia msomaji amfikie mshairi. Badala ya kumsogeza mshairi kwa msomaji kwa kumkata, alimsogeza msomaji kwa mshairi kwa kumfundisha. Huo ndio uhariri unaofungua.

5.0 Somo kwa Tasnifu ya Leo

Naomba niruhusiwe kutoa ushahidi wangu mwenyewe. Nilipokuwa nikimaliza tasnifu, nilimpelekea mswada mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akihariri kazi za wanafunzi kwa ujira mdogo. Nilitarajia anirekebishie nukta na mikato. Alifanya hivyo. Lakini katika sura ya tatu nilikuwa nimeandika, "Waswahili huamini kwamba…", naye pembeni akaweka neno moja kwa penseli: "Wepi?"

Niliudhika, kwa sababu nilijua jibu. Ushahidi wangu wote ulitoka katika kijiji kimoja, na nilikuwa nimewavika watu wa pwani nzima imani ya wazee saba. Nilipomwomba anitungie sentensi ya kuniokoa alikataa. Alisema, "Jibu ni lako, mwanangu. Langu ni swali." Ilinibidi nirudi uwandani majuma matatu, na sura ile ikabadilika yote.

Nilimlipa ujira wake. Lakini katika ukurasa wa shukurani niliwataja wasimamizi, wafadhili, wazazi na marafiki, na yeye sikumtaja. Niliona haya, nilidhani kumtaja mhariri ni kukiri kwamba sikuijua kazi. Leo hayupo wa kumwomba ridhaa ya kumtaja hadharani, kwa hiyo ninachoweza kulitaja mbele yenu ni deni tu. Kumbe yale niliyokuwa nikiyalaumu katika vitabu vya zamani niliyatenda mwenyewe.

Swali hili lina uzito zaidi sasa, ambapo mwanafunzi anaweza kuipa programu ya akili unde sura nzima na kurudishiwa Kiswahili kilichonyooka kwa dakika chache. Hatuna sababu ya kuichukia mashine. Hunasa herufi iliyorukwa na upatanisho wa ngeli uliokosewa, na hilo ni jambo jema. Hatari yake ni kwamba inaweza kuipa hoja dhaifu mavazi ya hoja imara. Sentensi yangu juu ya Waswahili haikuwa na kosa la sarufi hata moja. Ingepita, tena ingepambwa. Aliyeizuia ni mtu aliyewahi kuishi na watu niliowasemea, na aliyejua kwamba mbele ya majaribio ya sentensi kama ile yupo mzee ambaye hakuulizwa.

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mpaka uwekwe wazi: mhariri husahihisha lugha, huhoji mpangilio na ushahidi, lakini hatungi hoja, hatafiti wala haandiki kwa niaba ya mwanafunzi. Anayevuka mpaka huo, hata kwa huruma, anarudia kosa la kumfunika mwandishi. Pili, mhariri atajwe, kwa ridhaa yake, katika shukurani, na mwanafunzi aeleze alisaidiwa nini; hiyo itamlinda yeye na kumlinda mhariri. Tatu, vyuo vikuu vitambue kwamba msimamizi mwenye wanafunzi wengi hawezi kuwa pia mhariri wa kila mmoja. Kazi hiyo ipangiwe ujira wa haki, isiachwe ifanyike gizani kama jambo la aibu.

6.0 Hitimisho

Tumemwona Mwalimu Sikujua akifumbua mafumbo ya mji wake, Kijuma akiuza ujuzi wake kwa nakala, Mtoro akifunikwa na jina la mwingine, na Chiraghdin akimwongoza msomaji bila kumkata mshairi. Mifano yote hii inaonyesha kwamba maandishi ya Kiswahili tunayoyaita vyanzo yamepita mikononi mwa wasomaji wa kwanza waliouliza. Pale walipoulizwa na kutajwa, tumerithi maarifa. Pale waliponyamazishwa, imetulazimu kutumia miaka mingi kutafuta ni nani hasa aliyekuwa akisema.

Wanafunzi wapenzi, mtakapomaliza tasnifu zenu, mtafuteni mtu wa kuzisoma ambaye hatawaonea haya. Akiwaandikia pembeni "Wepi?", msikasirike; rudini uwandani. Kisha, mkifika katika ukurasa wa shukurani, mwombeni ruhusa, na jina lake mliandike.