Mawe ya Frauenkirche na Kumbukumbu ya Kompyuta

Kanisa la Frauenkirche mjini Dresden, Ujerumani, lilijengwa na Walutheri kati ya 1726 na 1743 kwa ramani ya George Bähr, fundi seremala mkuu wa mji, aliyethubutu kusimamisha kuba kubwa ya mawe. Lilistahimili mabomu yaliyoanza kuanguka usiku wa 13 Februari 1945. Lakini moto ulikuwa umekwisha kuyadhoofisha mawe yake ya mchanga, na asubuhi ya tarehe 15 likaporomoka. Kifusi kikalala pale zaidi ya miaka 40. Tangu 1982 vijana walikusanyika hapo na mishumaa kuombea amani, hata wengine wakaona kwamba kifusi kinahubiri kuliko mimbari. Ndiyo maana wito wa 1990 wa kulijenga upya ulipata wapinzani hata ndani ya Kanisa lenyewe.

Januari 1993 ilianza kazi ya kukiondoa kifusi, wala haikuwa kazi ya sepetu na malori tu. Mawe yaliyofaa yalipigwa picha, yakapimwa na kupewa namba, na mahali yalipoangukia pakaandikwa. Kwa maana jiwe halianguki ovyo, na lilipolala hudokeza lilipotoka ukutani. Habari hizo ziliingizwa katika kompyuta, na jengo zima likachorwa humo kwa pande zake tatu: urefu, upana na kimo. Mawe ya zamani yapatayo 3,800 yakatumika tena. Hata leo yanaonekana, meusi, kati ya mapya yaliyo meupe.

Hata hivyo kompyuta haikujua ila iliyoambiwa. Mengi iliyaambiwa na michoro ya msanifu Arno Kiesling, aliyelipima kanisa hilo wakati wa matengenezo yaliyomalizika 1942. (Je, makanisa yetu yaliyojengwa na wamisionari, nani ameyapima kabla hatujayabomoa ili kupanua?)

Tena, mashine iliweza kuonyesha jiwe lilikaa wapi, si kama lirudishwe. Msalaba wa juu ya kuba ulipatikana kifusini 1993, umepindika kwa moto. Mwingine mpya ulitengenezwa London na Alan Smith, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa marubani walioupiga mji huo mabomu. Ule wa zamani haukunyooshwa. Tangu kanisa lilipowekwa wakfu tena tarehe 30 Oktoba 2005, umesimama ndani, umepinda vile vile.