Ubepari, ujamaa na ukomunisti: Nani mwenye chombo, nani mwenye bahari?

Tuichukue mashua moja ya uvuvi inayoingia Kismayo alfajiri ikitoka upande wa visiwa vya Wabajuni. Ndani yake wamo nahodha, mabaharia na samaki wa usiku mzima. Kabla samaki hao hawajafika sokoni, maswali matatu hayana budi kujibiwa. Mashua ni ya nani? Bei ya samaki inapangwa na nani? Na pato litakalopatikana litagawanywa vipi?

Ubepari, ujamaa na ukomunisti ni mifumo mitatu inayoyajibu maswali hayo kwa njia tatu tofauti. Mara nyingi mifano yake hutolewa kutoka Washington, Moscow au Beijing. Hata hivyo, pwani ya kusini mwa Somalia ina mfano wake yenyewe. Mtu aliyezaliwa huko mwaka wa uhuru, 1960, aliukuta uchumi wa soko ulioachwa na wakoloni, akaishi chini ya serikali iliyojitangaza kuwa ya ujamaa wa kisayansi, kisha akashuhudia soko likiendelea bila serikali yoyote.

Visiwa vyenyewe, vikiwemo Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, vimejipanga kuanzia jirani ya Kismayo hadi karibu na Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya. Wenyeji wake huzungumza Kibajuni, mojawapo ya lahaja za Kiswahili, na wana jamaa zao Faza, Kizingitini na Kiunga katika kaunti ya Lamu. Kilichowatenganisha ni mpaka: mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Juba, Kismayo ikiwemo.

Mgao wa kale

Kabla ya nadharia za Ulaya kufika, wavuvi wa pwani ya Waswahili walikuwa na utaratibu wao. Samaki wakishauzwa, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa mafungu. Kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha na mafungu ya mabaharia.

Utaratibu huo una chembe za mifumo yote. Fungu la chombo humwendea mwenye mashua hata kama amelala nyumbani, nayo ni faida itokanayo na mtaji. Lakini baharia hapokei mshahara. Anapokea sehemu ya pato, na wakirudi mikono mitupu hasara ni ya wote. Na bahari yenyewe haina hati ya kumiliki.

Ubepari

Neno "bepari" liliingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, ambako maana yake ni mfanyabiashara. Leo "ubepari" ni mfumo ambamo njia kuu za uzalishaji mali, yaani ardhi, viwanda, mitambo na vyombo, zinamilikiwa na watu binafsi au kampuni. Bei hutokana na ugavi na mahitaji, na faida ni ya mwenye mtaji.

Mwanafalsafa wa Scotland, Adam Smith, aliyechapisha kitabu chake kuhusu utajiri wa mataifa mwaka 1776, alieleza jinsi ushindani na mgawanyo wa kazi unavyoongeza uzalishaji. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba Smith huyohuyo aliwaonya wasomaji wake kuhusu wafanyabiashara wanaokula njama ili kupandisha bei.

Katika mfano wetu, mwenye mashua ana kila sababu ya kuitunza na kununua nyingine, kwa kuwa jasho la akiba yake linamrudia. Huo ndio uwezo mkubwa wa ubepari. Udhaifu wake huonekana pale ambapo tajiri mmoja ndiye mwenye barafu, chumba cha baridi na mkopo wa nyavu. Mvuvi ana uhuru wa kuuza, lakini mnunuzi ni yeye peke yake.

Ujamaa

Ujamaa, kwa maana pana, ni mfumo unaotaka njia kuu za uzalishaji zimilikiwe na jamii, ama kupitia serikali ama kupitia vyama vya ushirika. Mashua inakuwa ya ushirika, bei hupangwa na chombo cha umma, na ziada hutumika kwa shule, zahanati na huduma nyingine.

Ni muhimu kutofautisha matawi yake. Ujamaa wa kidemokrasia hukubali uchaguzi wa vyama vingi na soko lenye kudhibitiwa. Ujamaa wa kisayansi, unaofuata mafundisho ya Karl Marx, huanzia katika mapambano ya matabaka, na serikali nyingi zilizoufuata zilitawala kwa chama kimoja. Ujamaa wa Mwalimu Julius Nyerere, uliotangazwa kuwa siasa ya Tanzania kwa Azimio la Arusha la Februari 1967, ulitafuta mizizi yake katika ujamaa wa ukoo, na ndiyo maana ukabeba neno lililotokana na "jamaa". Somalia nayo iliunda neno lake, hantiwadaag, lenye maana ya kugawana au kushirikiana mali.

Ukomunisti

Karl Marx na Friedrich Engels walichapisha ilani yao ya kikomunisti mwaka 1848. Kwa nadharia yao, historia ingeishia katika jamii isiyo na matabaka, ambamo hapana umiliki binafsi wa njia za uzalishaji, na dola yenyewe hunyauka kwa kukosa kazi. Kila mtu angechangia awezacho na kupata ahitajicho. Ujamaa ungekuwa daraja la kuelekea huko.

Kwa hiyo ukomunisti ni jina la lengo, na pia ni jina la vyama vilivyodai kuelekea huko. Hata Umoja wa Kisovieti, uliozaliwa na mapinduzi ya Urusi ya 1917 na kuvunjika 1991, ulijiita muungano wa jamhuri za kijamaa. Hakuna nchi iliyowahi kulifikia lengo hilo. Kinyume na nadharia, dola katika nchi hizo haikunyauka, bali iliota mizizi zaidi. China, ambayo chama cha kikomunisti kimeitawala tangu 1949, ilianza kufungua milango kwa soko mwaka 1978.

Hapa ndipo penye kosa la kawaida. Umiliki wa mali ni jambo moja, na namna ya kutawala ni jambo jingine. Zimekuwapo serikali za kibepari zilizotawala kwa bunduki, na vyama vya kijamaa vilivyoingia na kutoka madarakani kwa kura.

Kismayo kati ya kambi mbili

Baada ya uhuru, Somalia ilipokea misaada kutoka pande zote mbili za Vita Baridi. Kismayo ni ushahidi wa hali hiyo: bandari yake ya kisasa ilijengwa kwa msaada wa Marekani katika miaka ya 1960, na kiwanda chake cha nyama kilijengwa kwa msaada wa Kisovieti.

Tarehe 21 Oktoba 1969, siku chache baada ya kuuawa kwa Rais Abdirashid Ali Shermarke, jeshi likiongozwa na Mohamed Siad Barre lilitwaa madaraka. Mwaka mmoja baadaye Somalia ikatangazwa kuwa nchi ya ujamaa wa kisayansi. Mabenki na kampuni za mafuta za kigeni zilitaifishwa mwaka 1970, mkataba wa urafiki na Moscow ukatiwa saini 1974, na chama pekee cha kisiasa kikaundwa 1976. Mifugo, iliyokuwa tegemeo kuu la mauzo ya nje, iliachwa mikononi mwa watu binafsi.

Utawala huo ulikuwa na mafanikio yasiyopingika. Mwaka 1972 lugha ya Kisomali ilipewa maandishi rasmi ya herufi za Kilatini, na wanafunzi wakapelekwa vijijini kufundisha watu kusoma. Ukame wa 1974 na 1975 ulipoangamiza mifugo, zaidi ya wafugaji 100,000 walihamishwa kwenda mashambani na pwani. Baadhi yao walipelekwa Barawa na vituo vingine ili wawe wavuvi katika vyama vya ushirika.

Lakini kumfanya mchunga ngamia kuwa mvuvi hakutimizwi kwa amri. Vyombo vya injini vilihitaji vipuri na mafuta, na vilipokosekana vilibaki ufukweni. Wengi wa waliohamishwa walirudi kwenye malisho mvua ziliponyesha. Kwa Wabajuni kulikuwa na jambo la ziada: shule zilifundisha kwa Kisomali, na lugha yao, kama Chimwiini cha Barawa, haikuwa na nafasi katika mpango wa taifa.

Mali ya umma, daftari la nani?

Sheria ya ardhi ya 1975 ndiyo funzo kubwa zaidi. Iliifanya ardhi yote ya Somalia kuwa mali ya dola, na mtu aliyetaka kuitumia kihalali alipaswa kuisajili. Kwa nadharia, hatua hiyo iliondoa ukabaila. Kwa vitendo, mkulima wa bonde la Mto Juba, anayelima alipolima babu yake, hakuwa na nauli, karatasi wala mtu wa kumjua ofisini. Maofisa na wafanyabiashara waliokuwa karibu na utawala walivyo navyo vyote hivyo. Mashamba yaliyotaifishwa kwa jina la umma yaliishia katika majina ya wachache.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika bonde la Juba daftari lilikuwapo, ila mkulima hakuwa na uwezo wa kulihoji. Hapakuwa na chama cha upinzani, gazeti huru wala mahakama isiyoogopa. Januari 1975, wanazuoni 10 wa dini walinyongewa sauti zao kwa risasi, baada ya kupinga hadharani sheria mpya ya familia.

Urafiki na Moscow haukudumu. Mwaka 1977 Somalia iliingia vitani na Ethiopia kwa ajili ya Ogaden, na Wasovieti wakauunga mkono utawala wa Addis Ababa, ambao nao ulijiita wa kijamaa. Novemba mwaka huo Siad Barre aliwafukuza washauri wa Kisovieti. Katika miaka ya 1980 aliigeukia Marekani na Shirika la Fedha la Kimataifa, lililodai masoko yafunguliwe. Mfumo wa uchumi ukabadilika. Mtawala hakubadilika.

Soko lisilo na dola

Siad Barre aliikimbia Mogadishu Januari 1991, na dola ikaporomoka pamoja naye. Kilichofuata kiliwashangaza baadhi ya wachumi. Shilingi ya Somalia iliendelea kutumika bila benki kuu, kampuni za simu zikashindana, na hawala ikasafirisha fedha za jamaa walio ughaibuni. Wako walioitaja Somalia kama ushahidi kwamba soko linaweza kujiendesha lenyewe.

Kutoka visiwani, picha ilikuwa nyingine. Wabajuni ni jamii ndogo isiyokuwa na wanamgambo wake. Wenye silaha walipora mashua, nyavu na nyumba, na wengi wa wenyeji wakakimbilia Kenya, wakiishi katika kambi karibu na Mombasa. Waliobaki au kurejea, baadhi yao walijikuta vibarua katika bahari waliyoivua kwa vizazi. Wakati huohuo, meli za kigeni zilivua bila kibali, kwa kuwa hapakuwa na wa kuzizuia.

Ubepari, kama Smith alivyoueleza, unahitaji sheria inayolinda mali na mkataba. Pasipo sheria hiyo, mwenye bunduki ndiye mwenye chombo. Biashara ya mkaa ilionyesha hivyo. Al-Shabaab, waliouteka mji wa Kismayo mwaka 2008, walijipatia fedha kutokana na mkaa uliopakiwa bandarini humo, hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaupiga marufuku Februari 2012. Miezi michache baadaye, wanajeshi wa Kenya na vikosi vya Somalia waliwaondoa wanamgambo hao mjini.

Majirani walijibu vipi?

Tanzania ilitaifisha mabenki mwaka 1967 na kuwahamishia mamilioni ya watu katika vijiji vya pamoja katika miaka ya 1970. Elimu na afya zilipanuka, lakini uzalishaji ukadorora, na mwaka 1986 nchi ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Zanzibar, baada ya mapinduzi ya Januari 1964, ilitaifisha ardhi na kuwagawia wananchi eka tatu tatu. Kenya iliandika waraka kuhusu ujamaa wa Kiafrika mwaka 1965, huku sera zake zikifuata ubepari. Kote huko, jina la mfumo halikutosha kueleza nani alinufaika.

Swali linalobaki

Leo nchi karibu zote zina uchumi mchanganyiko. Somalia ilipata msamaha mkubwa wa madeni Desemba 2023, na mwaka 2024 ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Faza na Chula, zilizotenganishwa mwaka 1925, sasa zimo ndani ya jumuiya moja ya kibiashara.

Je, hilo litamfaa mvuvi wa Koyama? Mashua yake yaweza kuwa mali yake, ya ushirika au ya kampuni. Kila njia ina hoja zake, na wananchi wana haki ya kuchagua. Lakini historia ya pwani hii inaongeza swali la nne kwa yale matatu ya mwanzo: mvuvi akidhulumiwa, atamshitaki nani, kwa lugha gani, na ni nani atakayemsikiliza? Palipokosekana jibu, mali ya umma ilikuwa ya wakubwa, na soko huria likawa la wenye silaha.