Kutia Nanga kwa Muda: Habari za Bandari na Wageni Wake

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, hukabiliwa na taabu ambayo mwenzake wa Lamu au Tanga haijui. Vitabu vyetu vimejaa nanga, tanga, bandari na pepo za msimu. Lakini wanafunzi walio wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na bahari hawajaiona. Wanaijua mitumbwi ya wavuvi wa ziwa Nakivale, na mto Rwizi wanauona wakienda Mbarara. Waliotoka Mogadishu na Barawa wanaijua bahari, nao husaidia darasa mara nyingine kuliko mwalimu mwenyewe. Tuliulizwa huko swali hili: chombo cha matanga kikitaka kupumzika siku chache tu katika nchi ya watu, nahodha hujuaje kwamba hapo pana usalama?

Swali hilo ni la kale. Kwanza nahodha hutazama upepo. Mahali palipo shwari wakati wa kaskazi, yaani tangu Desemba hadi Machi, huenda pakawa pabaya kabisa kusi likianza kuvuma. Kisha hutupa bildi kupima kina, tena huchunguza chini pana nini: mchanga na tope hushika nanga, bali mwamba wa matumbawe huikata amari. Mwisho hukumbuka maji kupwa na kujaa. Katika pwani yetu tofauti yake hukaribia mita 4 wakati wa bamvua, na asiyehesabu vyema atapwelewa, chombo kilale ubavu mchangani mbele ya macho ya watu.

Lakini hayo yote ni nusu ya jambo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona vijana wakija kwa sambuki kukilaki chombo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani hiyo na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hushukia nyumbani kwa mwenyeji huyo, naye ndiye amwuziaye na kumnunulia. Chombo kilifungwa kwa kamba, na mtu akafungwa kwa mwenyeji. Tunaona kwamba desturi hiyo ilikuwa na thamani sawa na gati zuri.

Kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi zaidi ni cha Vasco da Gama. Mreno huyo alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, mabaharia wake wengi wakiwa wagonjwa, akatia nanga nje ya bandari. Mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Hata hivyo kila upande ulimshuku mwenziwe, kwa maana Wareno walikwisha kupigana na watu wa Msumbiji, na habari hutangulia merikebu. Siku ya tatu, walipotaka kuingia ndani, vyombo viligongana, na marubani waliochukuliwa Msumbiji wakajitosa majini. Usiku ule Wareno waliwamwagia mateka wao mafuta ya moto ili wakiri hila iliyokusudiwa. Usiku huohuo waogeleaji walizijia merikebu kimyakimya na kuanza kuikata amari ya mojawapo; walinzi, waliposikia kamba ikitikisika, walidhani ni jodari.

Wakang'oa nanga tarehe 13. Kesho yake walikamata mashua baharini pamoja na watu waliokuwamo, na jioni wakafika Malindi. Hapo ndipo pana ajabu. Kwa maumbile yake, bandari ya Mombasa ni bora mno: kisiwa kimezungukwa na maji ya kina, yenye hifadhi ya pepo zote. Malindi haina hifadhi kama hiyo, na merikebu zililala mbali na mji. Lakini Malindi ndiko Wareno walikolala salama siku kumi, wakapewa chakula na rubani, na tarehe 24 Aprili wakatweka kwenda Calicut, walikofika tarehe 20 Mei. Wengi wetu tulifundishwa kwamba rubani huyo ni Ahmad ibn Majid. Wataalamu wa siku hizi hawalikubali neno hilo, na walimu tungefanya vyema kuliacha.

Wala tusidhani kwamba Malindi ilitenda hivyo kwa ukarimu mtupu. Ilikuwa na ugomvi wa zamani na Mombasa, ikatafuta rafiki mwenye mizinga. Mwaka 1505 Wareno walirudi na kuiteketeza Mombasa. Aliyeomba mahali pa kulaza chombo siku kumi alikaa pwani hii miaka mia mbili. Katika Ngome ya Yesu walitolewa na Waomani mwaka 1698.

Tulipokisimulia kisa hiki Nakivale, mjadala haukuenda tulikotazamia. Makazi yale yalianzishwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na miongoni mwa wakazi wa kwanza ni Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Yalikusudiwa kuwa kituo cha muda. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua kama kitenzi "kutia nanga" chafaa kwa mtu aliyezaliwa papo hapo bandarini. Mwingine, mvuvi, alisema kwamba wao mitumbwi huivuta ikapanda ukingoni, nanga hawana. Tulimwambia kwamba mahali hapo pwani huitwa diko. Akaliandika neno hilo, kisha akatupa la kwao, nasi tukaliandika.