Nani analipa ili nyota ipimwe?



Mwezi wa pili 2020, kabla korona haijafika kwetu, umeme ulikatika mtaani Bukavu kama kawaida yake. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, anga ikawa safi. Nilikuwa nimekaa nje na mdogo wangu, telefone zote mbili zimezima, hatuna la kufanya ila kutazama juu. Nikamwonyesha Orion, zile nyota tatu zilizopangana mstari. Nikamwonyesha na Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya begani. Akaniuliza: «Yaya, si ulisema ndiyo moja kati ya zile zinazowaka sana?» Nikaangalia vizuri. Kweli, ilikuwa imefifia. Ilikuwa sawa na Bellatrix, jirani yake wa bega la pili, na siku zote Betelgeuse inamshinda mbali.

Sikuwa nimegundua kitu. Desemba 2019, Edward Guinan na Richard Wasatonic wa Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani, walikuwa wameshatangaza kwamba Betelgeuse inafifia kuliko walivyowahi kuipima. Wao walikuwa wanaipima kwa miaka mingi kwa darubini ndogo. Kufikia Februari ile nyota ilikuwa imeshuka mpaka karibu theluthi moja ya mwangaza wake wa kawaida. Baadaye watafiti waliotumia darubini kubwa ya Ulaya kule Chile walieleza sababu: nyota ilitapika gesi, sehemu ya uso wake ikapoa, vumbi likajitengeneza na kutuzibia mwanga.

Lakini swali la mdogo wangu halikunitoka. Mtu anajuaje kwamba nyota imefifia? Lazima awepo aliyeipima jana, na juzi, na miaka kumi nyuma. Na huyo mtu anakula nini? Leo ninataka tuzungumze juu ya historia ya kazi hiyo, zaidi sana programu za kompyuta zinazoifanya, na pesa zinazozilipa au zisizozilipa.

Tuanze na kipimo chenyewe. Wagiriki wa zamani waliweka nyota katika madaraja sita: daraja la kwanza ni zile zinazowaka sana, la sita ni zile ambazo jicho linaziona kwa shida. Mwaka 1856 Mwingereza Norman Pogson akaliwekea jambo hilo hesabu: tofauti ya magnitudi 5 iwe sawa na mwangaza mara 100. Ndiyo maana magnitudi moja ni karibu mara 2.512. Tena kumbukeni, kipimo hiki kinakwenda kinyumenyume: namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu.

Mwishoni mwa karne ya 19 foto zilichukua nafasi ya jicho. Harvard walipiga foto za anga kwenye vioo, maelfu kwa maelfu, na mkurugenzi Edward Pickering akaajiri wanawake wa kuvisoma. Waliwaita «kompyuta», juu kazi yao ilikuwa kukokotoa. Sehemu kubwa ya pesa ilitoka kwa mjane mmoja, Anna Palmer Draper, aliyetaka jina la mume wake lisipotee. Kati ya wale wanawake alikuwamo Henrietta Leavitt. Mwanzoni alifanya kazi bila mshahara, juu familia yake ilikuwa na uwezo. Baadaye akalipwa senti 30 kwa saa. Mwaka 1912 matokeo yake juu ya nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan yalichapishwa: nyota ya aina ile ikichukua muda mrefu kupanda na kushuka, basi kwa asili yake inawaka zaidi. Kwa kanuni hiyo Edwin Hubble aliweza kupima umbali wa Andromeda miaka ya 1920, na binadamu akajua kwamba galaksi yetu haiko peke yake.

Shikeni jambo hili moja, tutarudi kwake: Leavitt aliweza kuanza bure kwa sababu nyumbani walikuwa wanakula.

Tuje kwenye mashini. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs walibuni CCD, kipokezi kinachogeuza mwanga kuwa namba. Sasa foto ya anga ikawa jedwali la namba tu. Ukitaka mwangaza wa nyota, unachora duara dogo kuizunguka, unajumlisha namba zote za ndani. Lakini ndani ya duara kuna pia mwanga wa anga tupu. Basi unachora pete nje ya duara, unapima anga pale, unaitoa. Kinachobaki ni nyota. Halafu unafanya vilevile kwa nyota jirani ambayo mwangaza wake unajulikana, unalinganisha. Tuseme ile ya kulinganisha ina 20,000 na ya kwako ina 2,000. Tofauti ni mara 10, yaani magnitudi 2.5. Kama ya kwanza ni magnitudi 9, ya kwako ni 11.5. Basi. Siri yote ni hiyo.

Ugumu unakuja nyota zikibanana kama abiria kwenye taksi-basi ya Kadutu: duara la mmoja linamgusa mwenzake. Hapo ndipo Peter Stetson wa kituo cha Dominion Astrophysical Observatory, Kanada, aliandika programu inayoitwa DAOPHOT, akaieleza mwaka 1987. Inajifunza kwanza umbo la nyota moja kwenye foto, halafu inatenganisha zile zilizolaliana. Mpaka leo makala ile inatajwa na maelfu ya watafiti.

Wakati uleule, Tucson, Arizona, watu wa kituo cha taifa cha Kitt Peak walikuwa wanajenga IRAF, mfumo mkubwa wa kusafisha na kupima foto za anga. Walianza mapema miaka ya 1980, na mshahara wao ulitoka kwa serikali ya Marekani kupitia shirika lake la sayansi, NSF. IRAF iligawiwa bure. Kwa zaidi ya miaka 25, kijana aliyetaka kuwa mwanaastronomia alipita humo, apende asipende.

Halafu pesa ikahamia kwingine. Kuanzia 2013 kile kituo hakikuendelea tena kuijenga. Kompyuta zilikuwa zinabadilika, IRAF imebaki na msimbo wa zamani, na watafiti bado wanaihitaji. Nani aliiokoa? Watu wa kujitolea. Waliichukua, wakaitengeneza iendelee kufanya kazi kwenye mashini za kisasa. Hata walikuta ndani yake vipande vilivyotoka katika kitabu mashuhuri cha programu za hesabu ambacho leseni yake haikuruhusu kugawa namna ile. Ikabidi waviandike upya. Fikirini kazi hiyo: hakuna ugunduzi, hakuna jina gazetini.

Na vijana je? Wao walikuwa wamehamia Python. Kila mmoja alikuwa anaandika kivyake, kila maabara na kitabu chake, mambo yaleyale yanarudiwa mara ishirini. Mwaka 2011 wakakubaliana kuunganisha nguvu, ndipo ikazaliwa Astropy. Waratibu wa kwanza walikuwemo Perry Greenfield, Thomas Robitaille na Erik Tollerud. Pembeni yake ikakua Photutils, ambayo inafanya yale maduara na pete niliyoeleza, na hata ile njia ya DAOPHOT. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, unausoma, unaubadilisha, unaugawa, bila kumwomba mtu ruhusa.

Lakini mwaka 2016 kundi la wanaastronomia liliandika makala ya malalamiko, wakaiita wazi «Tatizo la Astropy». Walisema hivi, kwa maneno yangu: programu hii inatumiwa na sehemu kubwa ya wanaastronomia, nayo kwa miaka mitano imejengwa karibu yote na watu wa kujitolea, bila ufadhili. Tena kijana anayetumia mwaka mzima kuandika msimbo anahesabiwa kama hakufanya kitu, juu kazi za chuo zinatolewa kwa kuhesabu makala. Wengine walishauriwa waache. Ilibidi kungoja mpaka 2019 ndipo taasisi ya Gordon na Betty Moore ikatoa msaada mkubwa, na baadaye NASA nayo ikaweka mkono.

Mfano wa pili unafanana. AAVSO ni jumuiya ya watazamaji wa nyota zinazobadilika, ilianzishwa Marekani mwaka 1911. Ina makumi ya mamilioni ya vipimo, na vingi vimeletwa na watu wasio na shahada ya astronomia. Kati ya 2009 na 2011 nyota Epsilon Aurigae ilikuwa inapatwa, jambo linalotokea kila miaka 27 hivi. NSF ikafadhili mradi wa kuwashirikisha raia, na ndani ya mradi huo ikazaliwa VStar, programu huria ya kuchambua vipimo, iliyoandikwa na David Benn wa Australia. Kupatwa kukaisha, pesa ya mradi ikaisha. VStar haikuisha, juu yeye na wenzake waliendelea kuitunza.

Mnaona sura ya jambo? Mfadhili anapenda kuzindua. Mradi una miaka mitatu, una ripoti, una foto ya mwisho. Lakini programu si daraja la zege. Ni kama shamba: ukiacha msimu mmoja, majani yanaingia. Lugha inabadilika, mfumo wa kompyuta unabadilika, na kile kilichofanya kazi jana leo kinaleta kosa. Pesa ya kupanda inapatikana. Pesa ya kupalilia ndiyo haina mwenyewe.

Mimi programu hizi nilizijua kwa shida. Nilipokuwa ninamaliza lisanse ya fizikia, memwari yangu ilikuwa juu ya nyota moja inayobadilika, kwa foto zilizo wazi kwa kila mtu. Nilikuwa ninatumia programu ya kulipia, nakala ya wizi, sitaficha. Wiki mbili kabla ya kutetea, ikajifunga. Ujumbe mmoja tu kwenye kioo, na miezi mitano ya kazi ndani. Rafiki yangu akaniletea Python na Photutils kwenye fulashi, juu mega za kupakua sikuwa nazo. Usiku tatu, umeme unakuja na kwenda, nikarudia vipimo vyote. Nilitetea. Kwenye ukurasa wa shukrani niliweka wazazi, profesa, asistanti, mpaka mama wa nyumba niliyopanga. Wale walioandika programu, sikuwaandika hata kwa mstari mmoja.

Na bado ninadaiwa lingine. Miaka ile niliandikia jumuiya ya wanafunzi wa mtaa wetu programu ndogo ya kuhesabu michango. Waliitumia miaka mitatu. Kila mwisho wa mwezi telefone inalia: «Yaya, imekataa kufunguka.» Sikuwahi kupewa hata inite za kupiga simu. Siku moja nikachoka, nikasema siitengenezi tena. Ikafa ndani ya mwezi mmoja, na mahesabu ya watu yakapotea nayo. Walinilaumu, na mimi niliwalaumu. Leo ninafikiri sote hatukuelewa kitu kimoja: kwamba bure ni bei ya anayepokea tu. Anayetoa analipa.

Wengi hapa mtaniambia: basi tujitolee, tuingie katika miradi hiyo, tupate jina. Ndiyo, na kuna mlango. Kuripoti kosa, kufafanua maelezo, kutuma vipimo vya nyota kwa AAVSO hata kwa macho matupu, hayo yote yanawezekana kutoka Bukavu, Goma au Lubumbashi. Tena sisi karibu na ikweta tunaona anga la kaskazini na la kusini, jambo ambalo mtu wa Ulaya hana. Lakini tusidanganyane. Mrudieni Leavitt. Anayeweza kutoa saa zake usiku ni yule ambaye mchana ana mshahara. Kama kazi hii itabaki ya kujitolea peke yake, majina yaliyomo ndani ya msimbo yatabaki ya watu wa nchi zenye mishahara, na sisi tutabaki watumiaji wanaoshukuru, au wasioshukuru kama mimi.

Kwa hiyo mwenye kuandika ombi la ufadhili, hata dogo, hata la jumuiya ya mtaa, aweke mstari wa matunzo: mtu fulani, saa kadhaa kwa mwezi, kiasi fulani, hata baada ya uzinduzi. Na anayeandika memwari mwaka huu, ataje programu aliyotumia kwa jina lake na la walioiandika. Hiyo haigharimu mega hata moja, na ndiyo karatasi ambayo wao wanaionyesha wanapoomba mshahara.

Mdogo wangu sasa yuko mwaka wa pili wa informatiki. Juzi nilimpa fulashi yenye msimbo wa ile programu ya michango. Akauliza kama nitamlipa. Nikamwambia tukae kwanza tupange bei.