Hewa Ukaa: Kutoka Visima vya Mafuta hadi Tanuri la Saruji

Teknolojia ya kunasa hewa ukaa ni ya zamani kuliko hofu ya mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 1930 Mmarekani R. R. Bottoms alipata hataza ya kusafisha gesi kwa kemikali za amini. Kemikali hizo huinasa hewa ukaa zikiwa baridi, kisha huchemshwa ili ziiachie. Uchemshaji huo hula nishati nyingi, na hadi leo ndiko gharama inakoanzia.

Kuanzia mwaka 1972 kampuni za Texas zilisukuma hewa ukaa ndani ya visima vilivyochoka ili vitoe mafuta zaidi, asili ambayo wapinzani wa teknolojia hii hawajaisahau.

Norwei ilikuja na sababu nyingine. Gesi ya eneo la Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini, ilikuwa na hewa ukaa kiasi cha asilimia 9, ilhali wanunuzi walitaka isizidi 2.5. Ilibidi itengwe kwa vyovyote. Kuiachia angani kungetozwa kodi iliyoanzishwa mwaka 1991, basi tangu 1996 ikazikwa kwenye mchanga wenye maji ya chumvi chini ya sakafu ya bahari, takribani tani milioni moja kwa mwaka. Vipimo vya mawimbi ya mtetemo vimeonyesha kuwa imetulia humo. Kodi, kwa kweli, ilisaidia kuliko hotuba zote.

Makaa ya mawe yalileta aibu. Mtambo wa Kemper, Mississippi, uliokadiriwa kugharimu chini ya dola bilioni 3, ulipita bilioni 7. Mwaka 2017 wenyewe wakaachana na makaa na unasaji, wakabaki kuchoma gesi asilia. Mtambo wa Petra Nova wa Texas ulinasa kweli hewa ukaa ya kusukumwa visimani, lakini bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2020 ukazimwa, ukarejea 2023.

Matumaini yalifufukia Iceland. Hewa ukaa iliyoyeyushwa majini ilishindiliwa kwenye miamba ya basalti, na mwaka 2016 watafiti wakaripoti kwamba zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe ndani ya miaka miwili. Bonde la Ufa nchini Kenya lina basalti na mvuke wa jotoardhi pia. Kampuni ya Octavia Carbon ya Nairobi inajaribu huko kunasa hewa ukaa moja kwa moja kutoka hewani.

Hata hivyo, mitambo yote duniani ina uwezo wa tani milioni 50 hivi kwa mwaka, wakati makaa, mafuta na gesi hutoa zaidi ya bilioni 37. Hoja ngumu kuipuuza ni ya saruji: sehemu kubwa ya hewa ukaa yake hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe, hata tanuri likiwashwa kwa umeme wa jua. Kiwanda cha Brevik, Norwei, kilianza mwaka 2025 kunasa karibu nusu ya hewa ukaa yake, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na serikali.