Manowari za Matanga Zilivyoingia Mezani

Mwaka 1782 mfanyabiashara wa Uskoti, John Clerk wa Eldin, alichapa nakala chache za kitabu chake kuhusu mbinu za vita vya baharini. Hakuwa mwanajeshi wa majini. Alichokuwa nacho ni meza na vijimeli vidogo, akivipanga na kuvisogeza huku akitafuta jibu la swali lililowakera Waingereza kwa miaka mingi: mbona manowari zao hupambana na za Wafaransa siku nzima, kisha kila upande hurudi kwao bila mshindi?

Jibu alilipata kwenye upepo. Waingereza walipenda kushambulia kutoka upande wa joshi, yaani upepo unakotoka. Wafaransa walikaa demani, upande upepo unakoelekea, wakalenga milingoti na matanga, kisha wakaondoka na upepo kabla ya kubanwa. Clerk akashauri manowari nyingi ziangukie sehemu moja tu ya safu ya adui, au ziikate safu yenyewe.

Aprili 12 mwaka huohuo, Admirali George Rodney aliikata safu ya Wafaransa karibu na visiwa vya Saintes, Karibi. Waliomuunga mkono Clerk walidai ushindi ule ulianzia mezani kwake. Familia ya Charles Douglas, msaidizi mkuu wa Rodney, ikakanusha vikali. Vyovyote iwavyo, Clerk alithibitisha kwamba vita vya matanga vinaweza kuchunguzwa nchi kavu.

Watunzi wa michezo ya vita wamekuja kuipita njia hiyohiyo. HMS Victory, iliyoshushwa majini Chatham mwaka 1765, ikipunguzwa mara 1,200 haifiki sentimita tano kwa urefu wa sitaha yake ya mizinga. Humo inabidi mtunzi abane mizinga 104 na mabaharia zaidi ya 800. Njia ya mkato ni kuhesabu mizinga tu, maana hata Waingereza walipanga manowari zao kwa madaraja hivyo: mizinga 100 na zaidi, daraja la kwanza, mizinga 74, daraja la tatu. Hapo ndipo wengi hupotea.

Vita vya Trafalgar, Oktoba 21, 1805, vinaonyesha kwa nini. Waingereza walikuwa na manowari 27 za safu, Wafaransa na Wahispania 33, ikiwemo Santísima Trinidad yenye mizinga zaidi ya 130. Jitu hilo lilitekwa, na Waingereza hawakupoteza hata manowari moja. Upepo ulikuwa hafifu. Victory ilisogea kwa mwendo wa mtu atembeaye, ikipigwa bila kuweza kujibu, kwa kuwa mizinga yake ilikuwa ubavuni. Ilipopita nyuma ya Bucentaure, manowari ya Admirali Mfaransa Villeneuve, ikafyatua ubavu wa kushoto. Makombora yaliingia kwa madirisha ya tezi, yaani nyuma, yakapasua sitaha kuelekea omo, yaani mbele, na njiani hapakuwa na ukuta wa kuyazuia.

Mchezo wa Wooden Ships and Iron Men, wa miaka ya 1970, uliyaheshimu hayo. Wachezaji huandika mwendo wa manowari zao kwanza, kisha zote husogezwa kwa pamoja. Mabaharia hupewa viwango vya ustadi. Mkupuo wa kwanza wa mizinga huwa na nguvu zaidi kuliko inayofuata. Na anayepigwa kwenye tezi huumia zaidi. Dadu huja baadaye.

Kwa hiyo ewe unayetaka kutunga mchezo wako, anza na upepo, ufuatie mabaharia. Mizinga ihesabu mwisho.