Daraja la B: Mafundi Cherehani wa Dagenham na Ujira wa Mwanamke

Tarehe 29 Disemba 2025 ilitimia miaka 50 tangu Sheria ya Ujira Sawa ya Uingereza ianze kutumika, na kila itajwapo sheria hiyo hutajwa pamoja nayo wanawake 187 wa kiwanda cha Ford cha Dagenham, mashariki ya London, waliogoma mwezi wa Juni mwaka 1968. Habari yao husimuliwa kwa ufupi na kwa furaha: walitaka mshahara sawa na wa wanaume, wakagoma, waziri akawasikiliza, sheria ikapita. Ni hadithi nzuri, ila ina kasoro moja, nayo ni kwamba si hilo wanawake wale walilolikusudia walipoziacha cherehani zao.

Mengi niyasemayo hapa nimeyategemeza kwa kitabu kilichotoka mwaka 1980, ambacho waandishi wake ni mahasimu wawili: Henry Friedman, aliyekuwa kiongozi wa wawakilishi wa wafanyakazi kiwandani humo, na Sander Meredeen, aliyekuwa upande wa kampuni katika mashauri ya kazi. Ni nadra kuwaona watu waliokabiliana namna ile wakiketi pamoja kuandika taarikhi ya ugomvi wao, na pale wanapokubaliana msomaji ana haki ya kuwaamini.

Kazi yenyewe ilikuwa kushona vifuniko vya viti vya magari. Vipande vililetwa vimekwisha katwa, na fundi alitakiwa aviunganishe kwa cherehani ya umeme, kona zikae sawa na mshono usiende upogo, kwa kasi iliyopangwa na kiwanda. Na sindano ikimpitia kidoleni, jambo ambalo halikuwa geni, alifungwa dawa akarudi kitini. Hakuna aliyeajiriwa bila ya kutahiniwa kwanza mbele ya cherehani. Kabla ya mwaka 1967 kampuni iliwagawa watu wake mafungu manne: wanaume wenye ujuzi, wanaume wenye ujuzi wa kiasi, wanaume wasio na ujuzi, na fungu la nne wanawake, pasipo sifa yoyote, kana kwamba kuwa mwanamke ni aina ya kazi. Mwaka huo ukaletwa mpango mpya wa madaraja matano, tangu A hadi E, ambamo kila kazi ilipimwa na kutiwa alama, na ambao ulisifiwa kuwa ni wa kitaalamu usiojua upendeleo. Na mafundi cherehani, waliojihesabu kuwa ni wa C, wakajikuta wamewekwa B. Fauka ya hayo, mwanamke wa B alilipwa asilimia 85 tu ya ujira wa mwanamume wa B.

Basi zilikuwa dhulma mbili, moja ndani ya nyingine, na iliyowauma zaidi ni ile ya kuambiwa kwamba ujuzi waliotahiniwa kwao si ujuzi.

Waligoma tarehe 7 Juni. Gari haliuzwi bila ya viti, na viti vilipokwisha ghalani uundaji wa magari ukasimama, na maelfu ya wanaume, ambao baadhi yao walikuwa ni waume wa hao hao waliogoma, wakarudishwa nyumbani. Wanawake wa kiwanda cha Halewood, karibu na Liverpool, nao wakaingia katika mgomo. Hapo ndipo shauri lilipoanza kugeuzwa sura. Kampuni iliona kwamba ikilegea juu ya daraja moja, kila idara itakuja kudai ipimwe upya, na jedwali lote lililogharimu kazi kubwa litaporomoka. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, kwa upande wao, walikuwa wakilisema neno la ujira sawa katika mikutano yao kwa miaka mingi bila ya kulitenda, wakaona fursa imewajia. Na serikali ilikuwa na haja ya kuona magari yanaundwa. Wote watatu, kila mmoja kwa sababu yake, waliona ni wepesi zaidi kuzungumza juu ya asilimia kuliko juu ya daraja.

Tarehe 28 Juni wawakilishi wa wanawake walialikwa kwa waziri wa ajira, Barbara Castle, wakanywa naye chai, na walipotoka wamekubali kurudi kazini kwa asilimia 92 ya ujira wa wanaume wa B. Suala la daraja lilipelekwa kwa baraza la uchunguzi chini ya Sir Jack Scamp, na daraja la C hawakulipata. Simlaumu Bibi Castle, maana ndiye aliyeupeleka mswada wa ujira sawa bungeni na kuupitisha mwaka 1970, na bila ya mgomo ule huenda mswada ungalilala kwa miaka mingine. Lakini sheria ile ilimlinda mwanamke aliyefanya kazi moja au inayofanana na ya mwanamume, au ambaye kazi yake imekwisha pimwa kuwa sawa na yake, hata fundi wa Dagenham ambaye malalamiko yake yalikuwa juu ya kipimo chenyewe asipate humo pa kushika. Matajiri nao walipewa hadi mwisho wa mwaka 1975 kujitayarisha, na wako waliojitayarisha kwa kuwatenga wanawake katika kazi ambazo hazina mwanamume wa kulinganishwa naye.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani hila hii ni ngeni kwake. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliridhia kwamba mtumishi Mwafrika wa serikali alipwe humusi tatu za mshahara wa Mzungu, kwa hoja zilizopangwa kwa utulivu ule ule wa wataalamu.

Kipimo chenyewe kiliguswa mwaka 1984, baada ya Uingereza kulazimishwa na mahakama ya Ulaya kutambua kazi yenye thamani sawa. Julie Hayward, mpishi wa kiwanda cha meli cha Cammell Laird, akajilinganisha na mpaka rangi, seremala na fundi wa kufunika mabomba, akashinda mwaka 1988 mbele ya majaji wa Baraza la Malodi. Mafundi wa Dagenham waligoma tena mwaka huo wa 1984, na baada ya mgomo huo ndipo walipopata C. Yaliyofuata ni maarufu: tangu mwaka 2017 makampuni makubwa ya Uingereza hulazimika kutangaza tofauti ya mishahara, na Iceland, tangu 2018, humtaka tajiri mwenye watu 25 au zaidi athibitishe mwenyewe kwamba hadhulumu.

Kwetu, kila Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, maofisi huwashonea wanawake vitenge vya sare na kuwapiga picha. Sheria za Kenya na Tanzania zimeandika ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na ya Kenya, ya mwaka 2007, imemtwika tajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Lakini mzigo huo haumfikii mpaka mwanamke awe amekwisha kufika mahakamani, na kufika huko kwahitaji kwanza ajue mwenziwe alipwa nini na kwa daraja gani, jambo ambalo katika ofisi zetu nyingi limefanywa siri.